SOMO: Kuchagua kitanda cha kunyanyua kichwa na miguu (soma lote ndipo uulize bei)

Naandika mara moja, ili mtu akinipigia tena na "fundi, vile vitanda vya rimoti vipi?" nimtumie hii nirudi kuchomelea. Karakana yangu iko Nyakato, Mwanza, kazi yangu vitanda vya chuma. Vinaletwa kwangu vya kila namna: vya kuzungusha kwa mkono vilivyotoka zahanati, vya mota vilivyoshuka na kontena la mtumba, na vipya kabisa ambavyo mtu alinunua kwa kuangalia picha. Vingi si vibovu. Ni kwamba havikumfaa aliyelala juu yake, au havikufaa chumba.

Hatua ya 1. Jua unachokitafuta. Kiungulia cha usiku kinataka kichwa na kifua vinyanyuke. Mgongo mara nyingi unataka magoti yapande kidogo. Miguu inayochoka kwa kusimama kutwa inataka kupanda yenyewe. Mgonjwa wa kitandani anataka vyote, pamoja na kitanda kizima kupanda ili anayemhudumia asivunjike kiuno. Ila mtu anayekosa pumzi akilala chali, au aliyevimba mguu mmoja ghafla, asianzie dukani. Aanzie hospitali, Sekou Toure au Bugando. Huenda ni moyo, huenda ni damu imeganda, na hakuna kitanda kinachotibu hayo.

Hatua ya 2. Jaribu kwa bei ya matofali. Kama shida ni kiungulia, weka vipande imara vya mbao au matofali chini ya miguu miwili ya upande wa kichwani, sentimita 15 hadi 20. Kitanda kizima kiiname. Lala hivyo wiki mbili. Ukipona, hongera, hela yako imebaki.

Hatua ya 3. Pima mlango, kona ya koridoo na ngazi. Kabla ya kulipa, siyo baada.

Hatua ya 4. Mkono au mota? Cha mkono mmoja (mkono ni kile chuma cha kuzungushia) kinanyanyua kichwa tu. Cha mikono miwili, kichwa na magoti. Cha mitatu kinapandisha na kitanda chote. Hakijui umeme umekatika, na kikigoma fundi yeyote wa kuchomelea anakimudu. Lakini angalia mikono iko wapi: miguuni, chini. Aliyelala hawezi kujizungushia. Mzee anayelala peke yake akiamka saa nane usiku na kiungulia, atamwita nani? Huyo mnunulie cha mota. Ukiwa na mtu wa kukaa naye, cha mkono kinatosha na chenji inabaki. Na mkono ukishakaza, acha. Watu wanaendelea kuzungusha kwa nguvu hadi meno ya skrubu yanakwisha, halafu wanakuja kuniambia kitanda ni feki.

Hatua ya 5. Mkunjo, nyonga na godoro. Hapa ndipo pesa za watu zinapotelea. Kuna kitanda nilikiuza mimi mwenyewe kikarudi kwa sababu hii, kwa hiyo soma polepole.

Upande wa kichwani unakunjika mahali pamoja tu, na mahali hapo panatakiwa pawe chini ya nyonga. Mtu akilala chini zaidi ya hapo, kichwa kikipanda kinamkunja mgongo katikati, tumbo linabanwa, na usingizi unakuwa mbaya kuliko wa kitanda cha kawaida. Kwa hiyo dukani vua viatu, lala, sogea hadi nyonga zikae kwenye mkunjo, kisha mwambie muuzaji anyanyue. Kama anayenunuliwa ni mama, mlete mama. Usilale wewe mwenye futi sita kwa niaba ya mama mwenye futi tano.

Sasa godoro. Vitanda hivi vya Ulaya vina urefu wa sentimita 200, vya Marekani mara nyingi inchi 80, ambazo ni kama sentimita 203. Godoro letu la futi 6 ni inchi 72, yaani sentimita 183. Fanya hesabu: pengo la sentimita 17 au zaidi. Ukilisukuma godoro juu, pengo linabaki miguuni. Kichwa kikinyanyuka godoro linateleza kulifuata, na sasa pengo limehamia kichwani, mto unazama humo, na mtu ameshuka kutoka kwenye mkunjo. Kwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza, au mtoto, hiyo ni hatari kweli. Mapengo ya kichwani na ya pembeni kwenye kingo yasifikie sentimita 12, maana kichwa cha mtu kinaweza kuingia na kunasa.

Dawa yake: agiza sponji likatwe kwa kipimo cha fremu yako, au kata kipande cha sponji hilohilo ujazie MIGUUNI, ukifunge na godoro kwa mkanda. Kisha hakikisha fremu ina kile chuma cha kuzuia godoro upande wa miguu. Kama hakina, njoo nikuwekee.

Unene: inchi 4 hadi 6 kwa vitanda vya mkono, sponji zito. Godoro nene gumu halifuati mkunjo, linatengeneza daraja juu yake na wewe unalala juu ya daraja. Godoro la springi zilizofungwa pamoja kwa waya wa pembeni usilete kabisa, waya utapinda na hautarudi. Ukiwa dukani jaribu kulikunja godoro kwa mikono yako. Likikushinda wewe, fremu italazimisha, na kitakachovunjika ni kimoja kati ya viwili.

Hatua ya 6. Umeme. Geuza adapta usome kibandiko. Ikiwa 100–240V, chomeka. Ikiwa 110 au 120V, kitanda kilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, na soketi yako ina volti 230: utasikia harufu, basi. Kinataka transfoma ya kushusha. Weka pia kile kifaa unachowekea friji, umeme ukirudi kwa kishindo usiunguze mota. Uliza kama kuna sehemu ya betri za kushushia, mara nyingi ni zile ndogo za volti 9. Umeme ukikatika umenyanyuka, hizo ndizo zitakulaza. Na mota nyingi za vitanda zimeandikwa dakika 2 kazi, 18 pumziko. Wajukuu wakifanya rimoti mchezo jioni nzima, usinipigie.

Hatua ya 7. Chandarua. Wanaovitengeneza hawalali kanda ya ziwa, kwa hiyo hili hawakuliwaza. Chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, kichwa kikipanda kinachomoka au kinaingia kwenye bawaba na kuchanika. Na uso wako ukipanda unakaribia neti, mbu anakuuma akiwa nje. Kitundike darini, juu kuliko ulivyozoea, kiwe kipana, kishuke hadi sakafuni, usikichomeke upande unaonyanyuka. Kama unataka nguzo nne, zichomelewe kwenye fremu ya chini isiyotembea.

Hatua ya 8. Soma uzito kwenye kibandiko. Mara nyingi kilo zilizoandikwa ni pamoja na godoro.

Maswali karibuni.

---

Boda wa Buhongwa: Bei?

Fundi: Mkono au mota? Mpya au mtumba? Kwa ajili ya nani? Rudi hatua ya 1.

Mama Neema: Fundi habari za kazi. Nimepata ofa ya godoro la springi inchi 12, muuzaji anasema linakaa kitanda chochote. Nichukue?

Fundi: Hatua ya 5, aya ya mwisho.

Mama Neema: Jamani nimeuliza tu, mbona unanikaripia.

Fundi: Sikukaripii dada yangu. Ila nimeiandika kwa sababu swali hili hili ndilo linaloniletea fremu zilizopinda. Kama ni springi zile za mifuko, kila moja na kitambaa chake, hizo zinakunjika. Muombe akufungulie zipu uone. Akikataa, ondoka. Na inchi 12 bado ni nene mno.

Sangara Mkavu: Mnapenda kutafutia watu gharama. Mito mitatu inafanya kazi hiyo hiyo.

Fundi: Hatua ya 2 inakwambia USINUNUE, sijui gharama umeiona wapi. Mito inapandisha kichwa na mabega, tumbo linakunjika, asidi inasukumwa juu. Ndiyo maana nikasema matofali, mwili wote uiname. Mito yako kaa nayo.

Mwalimu wa Bwiru: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tuna kitanda cha mninga 6x6, cha harusi, hatutaki kukitoa. Yeye anakoroma, mimi nina mgongo. Inawezekana kuweka fremu ya kunyanyuka ndani yake?

Fundi: Marahaba mwalimu. Inawezekana, na swali lako ni zuri. Toa chaga, pima NDANI ya boksi, siyo nje, upana na urefu, na kina kutoka ukingo wa juu hadi sakafu. Mota na vyuma vyake vinakaa chini, vinataka nafasi. Ila usiweke fremu moja ya futi sita, maana akinyanyuka yeye, nawe unanyanyuka. Weka mbili za futi tatu kila moja na godoro lake. Kila mtu na rimoti yake. Katikati patakuwa na mfereji mdogo, shuka moja nene inaufunika. Na kichwa cha kitanda kikae mbali kidogo na ukuta, fremu nyingine zikipanda zinarudi nyuma na kukwaruza plasta. Kuhusu kukoroma: kunyanyuka kunasaidia wengine. Lakini kama anakata pumzi usingizini kisha anashtuka, apelekwe kwa daktari kwanza.

Mwalimu wa Bwiru: Wabeja sana. Anashtuka kweli. Nitampeleka.

Ng'wana Nansio: Fundi, baba amepata kiharusi, tuko Ukerewe. Tumepewa kitanda cha mikono miwili. Tukimnyanyua kula anateleza hadi miguuni, tunamvuta juu kwa mabega, na sasa kiunoni kwa nyuma ngozi imeanza kuwa nyekundu. Nesi alisema tusizidishe nyuzi 30 akishamaliza kula. Nyuzi 30 nazijuaje bila kipimo?

Fundi: Pole sana ndugu yangu. Anza na mpangilio: zungusha mkono wa MAGOTI kwanza, yapande kidogo, ndipo upandishe kichwa. Magoti yanamzuia asiteleze. Mkishusha, kichwa kwanza, magoti mwisho. Kumvuta kwa mabega acheni. Wekeni shuka iliyokunjwa chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, watu wawili mnaishika mnamwinua na kumsogeza. Ni kule kuburuzwa kunakochuna ngozi.

Nyuzi 30: pima urefu wa sehemu inayonyanyuka, kutoka mkunjo hadi ncha ya kichwani. Gawanya kwa mbili. Kama ni sentimita 80, ncha ikipanda sentimita 40 kutoka ilipokuwa imelala, hapo ni nyuzi 30. Piga alama ya rangi kwenye chuma, kila anayemhudumia aione.

Wekundu huo mwonyesheni nesi leo. Mgeuzeni kila saa mbili, hata usiku. Ubonyeze kwa kidole: usipogeuka mweupe ukiachia, kidonda cha kulalia kimeshaanza.

Ng'wana Nansio: Nimepima, ni 76. Kwa hiyo 38. Mungu akubariki fundi.

Nesi Mstaafu: Niongeze hapo, wakati wa kula akae wima kabisa, na abaki ameinuka kama nusu saa baada ya kula, asije akapaliwa. Kisha ndiyo mshushe kwenye hizo nyuzi 30.

Fundi: Asante mama, hilo sikuliandika.

Kijana wa Igoma: Cha kwetu kinalia kwii kwii kila kikipanda. Bibi anapaka mafuta ya kula.

Fundi: Mwambie bibi aache, mafuta ya kula yanagandisha vumbi na yanaita sisimizi. Futa kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo, acha pakauke, paka grisi kwenye bawaba na kwenye skrubu ndefu ya mkono. Ukimaliza zungusha hadi juu na chini ienee.

Mama Neema: Na shuka fundi? Zangu zinachomoka kila nikipandisha kichwa.

Fundi: Zishonewe elastiki pande nne, nenda kwa mafundi cherehani wa Makoroboi. Waambie waache nafasi upande wa kichwani, shuka ikibana sana inakunja kona za sponji.

Boda wa Buhongwa: Haya nimesoma. Cha mkono, mikono miwili, mtumba, cha mama. Yuko juu milimani Mabatini, gari haifiki. Na huenda baadaye akahamia kwa dada yangu kule Nansio, Ukerewe.

Fundi: Sasa tunaongea. Bei njoo nayo karakana, inategemea hali ya skrubu. Mlete mama alale. Kupandisha mlimani: toa ubao wa kichwani na wa miguuni, fremu itenganishwe katikati kwenye mkunjo, vijana wawili wanaibeba kwa awamu. Usiwaache wakishike kwa mikono ya kuzungushia, itapinda. Siku ya Nansio utakifungua hivyo hivyo kabla ya feri. Na bolti zote zitie kwenye soksi, uifunge soksi kwenye fremu kwa waya. Zikibaki mfukoni mwa kijana wa kupakia, atarudi nazo Mwanza.