Ukitoka Lamu kwenda Stockholm, jipange hivi

Haya nyie mnaoniuliza kila siku pale Mkunguni, kwanza viza ya Sweden, ni ile ya Schengen, ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, anza mapema na usilipie tiketi ya ndege isiyorudishwa pesa kabla hujaipata.

Uwanja wa ndege wa Arlanda uko kama kilomita 40 nje ya mji. Iko treni ya haraka, dakika 20 hivi ushafika katikati, lakini bei yake utashika kichwa, mi napanda basi tu. Mjini tiketi moja ya SL, shirika la usafiri wa mji, yafanya kazi dakika 75, washuka treni wapanda basi waingia mpaka feri ya kisiwa cha Djurgården na hulipi tena, wagusa kadi ya benki basi. Noti usihangaike nazo, maduka mengi hayapokei keshi kabisa.

Mji umekaa juu ya visiwa 14 kwa hivyo mtu wa Lamu hapotei sana. Gamla stan, mji wa kale, kuna kichochoro, Mårten Trotzigs gränd, penye wembamba zaidi ni sentimita 90, punda na mzigo wake hapiti! Na watu wa majahazi msikose Vasa, meli iliyozama 1628 safari yake ya kwanza tu, ikaopolewa 1961, sasa imesimama ndani ya jumba la makumbusho, fundi wa majahazi wa Matondoni sijui angecheka ama angelia.

Msikiti uko karibu na uwanja wa Medborgarplatsen. Maji ya bomba yanyweka, beba chupa. Juni jua latua saa nne usiku, Disemba saa tisa mchana haijafika jua lishatua, na hicho kijaketi chako cha kusi hakitoshi.