Draiva ya printa kwa groff: anza na -Z

Wakuu, kama unaandika draiva ya printa kwa ajili ya groff (programu ya kupanga maandishi kwa ajili ya kuchapa) usikimbilie programu kwanza, chukua kifaili cha mistari miwili mitatu, piga groff -Tps -Z (-Tps ni ya PostScript, lugha ya kuelezea kurasa kwa printa, na -Z inazuia draiva isiendeshwe ili uone amri zenyewe) halafu usome kinachotoka taratibu, maana hicho ndo draiva yako itakachokuwa inapokea. Utaona x res 72000 1 1, yaani inchi moja imegawanywa vipande 72000, na namba zote za kusogea zinatumia kipimo hicho.

Sasa wengi wanapotelea hapa: n unaiona kama amri ya kushuka mstari ila haishushi kitu, inatoa taarifa tu kwamba mstari umeisha, kushuka ni kazi ya V au v (amri za kusogea wima). Na w hivyohivyo, inatoa taarifa tu ya nafasi kati ya maneno, ukikutana na wh2500 ile h (amri ya kusogea kwa mlalo) ndo inasogeza, ukisogeza na kwenye w pia maneno yataachana vibaya.

Halafu V inahesabu kutoka juu ya karatasi wakati PostScript inaanzia chini, kwahiyo toa V kwenye urefu wa karatasi (A4 ni kama 841890) la sivyo mstari wa kwanza utaukuta chini kabisa.