Jinsi ya kujaribu metali kwenye asidi, na kwa nini alumini inakaa kimya

Kuna mwanafunzi nilikuwa namwelekeza hili jaribio, akatia alumini kwenye asidi, akaona kimya, akaandika "haimenyuki". Alumini inamenyuka, tena kwa nguvu, ndo maana naandika.

1. Vaa miwani ya kinga. Panga testi tyubu tano, kila moja ml 5 za asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, mola 1 kwa lita inatosha. Ukizimua mwenyewe, asidi ndo inamiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, usigeuze kamwe, maana joto litairusha usoni.

2. Kata vipande vya magnesi, alumini, zinki, chuma na shaba, viwe na ukubwa karibu sawa. Magnesi tumia utepe, kama sm 2, unga wake achana nao, unafoka mno na huoni kitu.

3. Piga msasa. Hapa ndo watu wanapotelea. Alumini ikikaa hewani inajifunika utando mwembamba wa oksaidi ambao huuoni kwa macho, na asidi lazima iule huo kwanza kabla haijaifikia metali yenyewe. Sa ukisugua ukaenda kupiga stori, utando umerudi, kwa hiyo sugua pande zote mpaka ing'ae halafu itumbukize hapohapo. Hata hivyo inaweza kuchelewa. Usiikatie tamaa, simamisha tyubu kwenye bika lenye maji ya moto (mimi moto wa moja kwa moja siutaki, gesi inayotoka inawaka), mapovu yataanza moja moja pembeni, halafu ghafla yanajaa na tyubu inachemka, ndo maana asidi isizidi robo ya tyubu. Mabati nayo angalia, yale ya kuezekea yamepakwa zinki, ukidhani unapima chuma kumbe unapima zinki.

4. Tumbukiza, tazama. Magnesi inachemka papo hapo na kuisha, zinki taratibu, chuma taratibu zaidi, shaba hakuna kitu. Shaba iko chini ya haidrojeni kwenye mpangilio wa metali (orodha inayoanza na inayomenyuka zaidi), haiwezi kuiondoa kwenye asidi. Sodiamu na potasiamu usithubutu, zinalipuka.

5. Pima gesi: ziba mdomo wa tyubu ya magnesi kwa tyubu kavu iliyopinduliwa, gesi ipande, halafu sogeza kijiti kinachowaka kwenye hiyo ya juu, mbali na asidi. Ikilia "pop", ni haidrojeni.

6. Andika: metali + asidi → chumvi + haidrojeni.
Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂
2Al + 6HCl → 2AlCl₃ + 3H₂

Asidi nitriki usiilete hapa. Kwa kawaida haikupi haidrojeni, inatoa gesi za naitrojeni, ile ya kahawia ni sumu, na shaba inaisha humo, ule mpangilio wako wote unavurugika.