Ukiona Kaposi kwenye tezi, usifunge faili

Miaka kadhaa iliyopita nilisaini ripoti ya tezi ya limfu ya shingoni: saratani ya Kaposi. Mgonjwa alikuwa mwanaume mwenye VVU, miguu imejaa madoa ya rangi ya zambarau, nami sikuona la kujiuliza. Wiki tatu baadaye daktari wake akanipigia: homa haishuki, jasho la usiku linalowesha shuka, bandama limevimba. Nikatoa kabatini bloku ya nta iliyoihifadhi ile tezi, nikamwomba mtaalamu wetu wa maabara aikate ndani zaidi. Huko chini, ikiwa imebanana na ile Kaposi, kulikuwa na limfoma, saratani ya seli za kinga. Nikarudi kwenye slaidi ya kwanza. Ukingo wake ulikuwapo palepale, niliupita.

Tangu hapo nafanya hivi, nawe daktari kijana unayeanza patholojia, kazi ya kusoma magonjwa kwenye vipande vya mwili, unaweza kuanzia hapa.

Kwanza, dai tezi nzima. Sindano nyembamba inafaa sana kutafuta kifua kikuu, lakini huingia mahali pamoja tu, na ikiangukia kwenye Kaposi itakuletea Kaposi. Ikiwezekana iwe tezi ya shingo au kwapa. Za kinena kwa watu wetu zimeshaumizwa na vidonda vya miguu vya miaka mingi, zinapotosha. Mkumbushe daktari wa upasuaji akate kipande kidogo cha GeneXpert, kipimo cha kifua kikuu, kabla ya kuitia tezi kwenye fomalini, maji ya kuihifadhi, maana kifua kikuu nacho hujipenyeza humohumo.

Kisha ipasuliwe mapema, vipande vya milimita 2 au 3, iingie kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyo mara kumi ya ujazo wake. Tezi ikiachwa nzima, fomalini huishia kwenye ganda na katikati inaharibika. (Na tafadhali, si chupa ya mdomo mwembamba! Tezi huingia ikiwa laini, ikishakakamaa haitoki. Nimevunja chupa nyingi kwa nyundo.)

Mezani, tumia macho yako kabla ya hadubini. Sehemu ya Kaposi huwa nyekundu iliyoiva, imelowa damu. Limfoma ni nyeupe yenye ukijivu, laini kama mnofu wa sato. Ukiona rangi mbili, chukua zote mbili, na mpaka wake. Tezi ndogo iingie yote kwenye bloku.

Kwenye hadubini anza na lenzi ndogo. Kaposi hupenda kuanzia kwenye ganda na mifereji ya tezi: seli nyembamba zilizochongoka ncha zote mbili, nyufa zenye chembe nyekundu za damu kati yake. Ukishaitambua, iache. Hapa ndipo nilipoangukia. Jiulize sehemu iliyobaki ikoje. Vile vifuko vya mviringo vya seli za kinga bado vipo, au vimefutika na badala yake kuna uwanja wa seli kubwa, kiini kikubwa, zinazogawanyika kwa fujo? Kama vimefutika, hiyo si Kaposi inayobadilika sura. Una kesi ya pili.

Rangi za imunohistokemia, zinazoonyesha alama maalumu za seli, ni ghali, kwa hiyo panga. Naanza na LANA-1, inayoonyesha HHV-8, kirusi cha Kaposi kilichogunduliwa mwaka 1994. Halafu CD20 (alama ya seli B), CD3 (ya seli T) na Ki-67 (ya seli zinazogawanyika). CD20 ikikataa usikimbilie kusema si limfoma. Kwa wenye VVU kuna limfoma ya plasmablasti ambayo mara nyingi haina CD20, iulize CD138, alama ya seli za plasma. Seli nyembamba zikiwa na nukta za LANA-1 kwenye viini, na seli kubwa hazina ila zimeshika CD20, basi ni saratani mbili zilizogongana. Lakini seli kubwa nazo zikiwaka LANA-1, simama. Huenda ni ugonjwa wa Castleman, unaovimbisha tezi, au limfoma ya HHV-8 yenyewe, na hilo ni shauri jingine.

Kabla hujamtangazia mtu saratani mbili, hakikisha zote ni zake. Kipande cha mgonjwa mwingine huweza kuelea kwenye beseni la maji ya moto kando ya mikrotomu, mashine ya kukatia bloku, na kutua kwenye slaidi yako. Kata upya bloku ileile kwa maji safi. Tazama kama nyama hizi mbili zimeshikana kweli, ganda moja, mishipa ileile, au moja imekaa pembeni peke yake kama mgeni. Bado una shaka? Omba tezi nyingine.

Majina yote mawili yaandikwe juu kabisa ya ripoti, pamoja na makadirio ya kila moja inachukua sehemu gani ya tezi. Matibabu yanategemea hilo: dawa za limfoma ziitwazo CHOP zina prednisoloni, na prednisoloni inaweza kuiamsha Kaposi, rituksimabu, dawa nyingine ya limfoma, pia. Daktari wa saratani akijua mapema atapanga dawa zake na ARV kwa hesabu nyingine.

Halafu piga simu. Mimi humwomba daktari anisomee mstari wa pili wa majibu kwa sauti yake kabla sijakata.