Zulia limelowa? Toa maji kwanza, feni baadae

Masika yakishika Dar utawasikia tu watu, zulia langu limelowa nifanyeje, na ukimuuliza ameshafanya nini anakwambia nimewasha panga boi mpaka mwisho na madirisha yote nimefungua. Sio vibaya ila haitoshi. Zulia linakauka juu, unapitisha kiganja unaona poa, kumbe huko chini mgongoni na kwenye ile sponji inayotandikwa chini ya zulia maji bado yapo, af siku ya tatu sebule nzima uvundo. Ukungu haungoji, kwenye unyevu na joto letu hili masaa 24 mpaka 48 tu unaanza kushika, kwaiyo mbio zako ni hizo siku mbili za mwanzo.

Kabla ya yote umeme. Kama maji yamefika kwenye soketi au kuna ekstensheni imelala chini, usiingie na miguu peku eti unaenda kuchomoa. Zima swichi kubwa kama unaifikia ukiwa sehemu kavu, kama haifikiki mwite fundi umeme na watoto wakae nje.

Halafu jiulize haya ni maji gani, maana hapa ndo watu wanaponisumbua. Bomba limepasuka, mpira wa mashine ya kufulia umechomoka, tanki la juu limefurika, hayo ni maji safi, zulia utaliokoa. Ila maji yaliyoingia kutoka barabarani ni habari nyingine kabisa. Tunajua wenyewe mvua kubwa ikinyesha kuna watu wanatapisha vyoo, chemba nazo zinafumuka, na yote hayo yanakuja mpaka sebuleni kwako. Sponji iliyonyonya maji hayo tupa, usibishane nayo, na kapeti la kubandika ukuta kwa ukuta nalo tupa. Zulia dogo unalolipenda unaweza kulipeleka likaoshwe nje kwa maji mengi na sabuni, uvae glavu na buti, ila nyumba yenye mtoto anayetambaa au mtu mwenye pumu mi ningeliacha tu liende.

Sasa maji yatoke. Toa viti na meza, na kama kuna kabati zito halitoki basi ingiza vipande vya nailoni chini ya miguu yake, maana mbao inaacha doa la kahawia na chuma kinaacha kutu, na doa la kutu kulitoa ni shughuli. Mashine ya kunyonya maji ukiipata ndo mpango mzima, baadhi ya sehemu za kuoshea magari wanazo, ongea nao. Ile vakyumu ya kawaida ya vumbi usithubutu, itakupiga shoti au itaungua mota. Huna mashine? Chukua taulo kavu, tandika juu ya zulia, panda simama kwa visigino, sogea kidogo kidogo kutoka pembeni kuja katikati, kamua taulo nje kisha rudia mpaka taulo inatoka na ubichi kidogo tu. Inachosha lakini inafanya kazi, na usisugue, manyoya yanavurugika na rangi inahama.

Hapo ndo feni. Feni ya kusimama ishushe chini, ilaze upepo upite juu ya zulia kwa ubavu, panga boi peke yake inapooza watu tu. Zulia lililobandikwa nyanyua kona moja, weka tofali au ndoo chini yake upepo uingie upande wa mgongo. Kama una AC funga madirisha, weka ile alama ya tone la maji kwenye rimoti, itavuta unyevu hewani. Kama huna AC fungua madirisha jua likiwaka, mvua ikinyesha funga, manake hewa ya nje muda huo nayo imelowa na unajiongezea kazi bure.

Zulia la kubebeka toeni nje, kama ni kubwa msibebe wawili tu, itaneni wengi, likilowa linakuwa zito hatari. Lianike juu ya ukuta au bomba nene, sio kamba nyembamba maana litaacha mkunjo, na mgongo ndo uelekee jua ili rangi isipauke. Yenye mgongo wa mpira yaweke kivulini penye upepo, jua kali linaupasua ule mpira. La sufu usilitese na joto, linasinyaa.

Kitu cha kukataa kabisa ni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kapeti likauke haraka. Ule moshi usioonekana unaua watu usingizini. Jenereta vilevile, ikae nje mbali na dirisha. Na Jik usiimwage kwenye zulia la rangi, wala usiichanganye na dawa ya choo, ile hewa inayotoka ni sumu.

Kwa wanaoosha wenyewe nyumbani, tatizo lenu ni sabuni ya unga nyingi. Povu likibaki zulia linakuwa linanata na kuvuta uchafu, wiki mbili tu limerudi vilevile. Suuza mpaka maji yatoke safi bila povu.

Kujua kama limekauka, weka tishu nyeupe chini ya zulia na juu yake kitu kizito, acha kama robo saa, ikitoka na ubaridi wa maji bado. Na sakafu ya saruji nayo inanyonya, bandika kipande cha nailoni kwa gundi pembeni zote usiku mmoja, asubuhi ukikuta matone upande wa ndani usirudishe zulia, iache wazi siku nyingine na feni iendelee.