Kabla hujagusa skrubu za kondensa kwenye hadubini ya zamani

Watu wengi wakipata hadubini ya zamani yenye kondensa (lenzi za chini ya slaidi zinazokusanya mwanga kwenye sampuli) ya dakifildi, yaani ile ya kung'arisha sampuli nyuma kukiwa kweusi, au ya fezi kontrasti, ya kuonyesha vitu visivyo na rangi, wanakimbilia zile skrubu mbili za kusenta, yaani kuiweka katikati, wanazungusha weee na picha bado ni ukungu mtupu. Mara nyingi skrubu hazina kosa lolote. Unakuta kondensa na objektivu, ile lenzi iliyo karibu na slaidi, haziendani, au slaidi ni nene, au balbu imekaa upande, na hayo hakuna skrubu itakayoyatibu, kwa hiyo pitia haya kwanza.

Umeme, fasta tu. Taa nyingi za zamani ni za balbu ndogo, volti 6 kwa mfano, inayolishwa na transfoma, na mpira wa waya ukishazeeka unapasuka hata ukiukunja kidogo, tena zingine waya wa ethi hazikuwahi kuwa nao. Chomoa, kagua, badilisha waya, ndio uwashe. Kama yako haina taa ina kioo, upande bapa ndio unaokwenda na kondensa, ule uliobonyea ni wa kutumia bila kondensa, na usikielekeze kwenye jua hata kwa sekunde moja, jicho halina spea.

Halafu kuna kile kichupa cha mafuta ya lenzi, yale ya kujaza kati ya lenzi na slaidi, kinachokuja ndani ya boksi. Usikifungue. Baadhi ya mafuta ya zamani, ya kabla ya miaka ya 1970 hivi, yalitengenezwa na PCB, kemikali ambazo ni sumu, nunua mapya yaishe.

Toa kondensa uitazame kwenye mwanga. Mafuta yaliyogandia juu yanafutika kwa karatasi ya lenzi na dawa kidogo ya kusafishia, ila usiiloweke kwenye spiriti maana ikipenya inaweza kulainisha gundi iliyoshika vioo. Ukiona rangi za upinde wa mvua au madoa kama maua yanaanzia pembeni, hiyo gundi imeshaachia, na hapo hata usente vipi mwanga utatawanyika na dakifildi yako itakuwa ya kijivu badala ya nyeusi. Cheki pia kama kondensa inapanda na kushuka, grisi ya zamani huganda kama nta na mtu akilazimisha anang'oa meno ya gia. Na je, imekaa imara kwenye pete yake? Pete za kiwango cha zamani cha Uingereza zilikuwa inchi 1.527, karibu milimita 38.8, wengine walikuwa na saizi zao, kwa hiyo kondensa ya kuokoteza inaweza kuingia vizuri tu halafu ikacheza, na inayocheza haisentiki.

Sasa kabla ya kondensa maalumu, weka ile ya kawaida uweke mwanga sawa kwanza, hapa ndipo wengi wanaruka. Njia ni ileile aliyoieleza August Köhler mwaka 1893: toa kioo cha ukungu mbele ya balbu kama kinatoka, weka kipande cha karatasi chini ya kondensa kwenye dayaframu yake (kile kitundu unachoweza kukibana na kukifungua), sogeza balbu mpaka picha ya waya wake itue katikati ya karatasi. Kisha kwa objektivu ya 10x fokasi slaidi, funga dayaframu ya taa, pandisha na kushusha kondensa mpaka ukingo wa kile kiduara uwe mkali, ukisente. Taa isiyo na dayaframu unaweza kuiwekea kadi yenye tundu dogo, inatosha. Usipofanya hivi utakuja kusenta kondensa ya dakifildi kwenye mwanga uliopinda halafu uilaumu kondensa.

Fezi kontrasti: pete ya kwenye kondensa lazima iwe saizi moja na pete iliyo ndani ya objektivu, na kila objektivu ina pete yake. Toa lenzi ya jicho, weka kidarubini cha kusentia, fokasi. Utaona pete mbili, moja inang'aa na nyingine ya kijivu. Kama zina saizi sawa ila moja imesogea, hiyo ndiyo kazi ya skrubu. Kama inayong'aa ni kubwa au ndogo kuliko ya kijivu, achana na skrubu, umechanganya vifaa. Na usisentie kwenye tone la maji lisilo na kifuniko, uso wa tone unapinda kwa hiyo pete zinahama kila ukisogeza slaidi.

Dakifildi ya mafuta ndiyo inayotoa watu jasho. Inarusha mwanga wa pembeni sana, kwa kawaida kuanzia NA 1.2 hivi (NA ni kipimo cha upana wa pembe ya mwanga ambao lenzi inapitisha), kwa hiyo objektivu lazima iwe na NA ndogo kuliko hapo. Ile 100x ya 1.25 au 1.30 itameza mwanga wa moja kwa moja na kila kitu kitakuwa cheupe, mpaka iwe na dayaframu yake ndani au uipachike kifaneli cha kupunguza NA yake. Mafuta yagusane juu ya kondensa na chini ya slaidi bila hata kipovu kimoja. Slaidi iwe ya kama milimita 1, kondensa zingine zimechongwa kabisa namba ya unene huo pembeni. Tumia 10x upandishe taratibu: utaona duara la mwanga lenye giza katikati, linabana mpaka liwe kidoa kimoja kinachong'aa, ukizidi kupandisha linafunguka tena. Kidoa hicho ndicho unachokisenta. Kama kondensa imegota juu na duara bado halijabana, slaidi yako ni nene, mwanga unakutana ndani ya kioo kabla ya kufika kwenye sampuli.

Andaa na slaidi ya kujaribia, seli za ndani ya shavu zinafaa sana na ziko bure. Kwenye dakifildi iliyokaa sawa kingo za seli zinawaka kotekote na nyuma ni kweusi, zikiwaka zaidi upande mmoja, hapo sasa rudi kwenye skrubu.