Kukagua rivolva ya mtumba ya kaliba kubwa kabla hujatoa pesa

Juzi nilimsindikiza rafiki yangu kwenda kuangalia Smith & Wesson Model 29, ile inayopiga risasi kali za .44 Magnum, toleo la miaka ya karibuni, iliyokwisha pita mikononi mwa watu wawili. Tulikaa mezani saa mbili, na karibu muda wote huo uliishia kwenye hatua moja, ya 4 hapa chini. Hizo nyingine ni za dakika chache tu.

Vifaa. Tochi ndogo, risasi bandia 6 za kaliba hiyohiyo, kalamu ya kuandikia juu ya chuma, na fila geji, zile bamba nyembamba mafundi wa magari wanazopimia tapeti. Kuna wanaopima kwa kipande cha karatasi. Karatasi inabonyea, mimi siitaki.

Hatua ya 1: Makaratasi. Kibali kwanza, bastola baadaye. Kisha linganisha namba. Kwenye Smith & Wesson kubwa namba halali kwa kawaida iko chini ya kitako cha mshiko, na mshiko wa mpira mara nyingi huifunika, kwa hiyo ufunguliwe. Namba iliyogongwa ndani ya fremu, pale mkono wa silinda unapojikunja, inaweza kuwa ya kiwandani tu, ya kuunganishia vipuri. Nimeshaona mnunuzi akimwita mwenzake mwizi kwa sababu ya namba hiyo.

Hatua ya 2: Iwe tupu. Fungua silinda, tazama, pitisha kidole kwenye kila chemba. Rudia kila inaporudi mkononi mwako. Risasi za kweli zisiwe hata juu ya meza hiyo.

Hatua ya 3: Macho. Rangi iliyochubuka mdomoni mwa mtutu ni ya kuingia na kutoka kwenye ala, haina neno. Skrubu zilizotafunwa vichwa ndizo zinazonitisha, maana kuna mtu aliingia ndani na bisibisi isiyofaa, na hujui alikata nini au alisugua nini. Mulika mtutu. Ukiona kivuli cha duara kama pete, mtutu umevimba, rudisha. Tazama koo la mtutu, pale unapopokea risasi kutoka kwenye silinda, kama lina ufa. Juu yake, kwenye daraja la fremu, unaweza kukuta mkwaruzo mwembamba uliochongwa na moto. Kwenye magnum huo ni wa kawaida, na kwa kawaida hufika kina fulani ukatulia. Chembani nako, kama mwenyewe alizoea kupiga .44 Special, utakuta pete ya masizi mahali maganda hayo mafupi yanapoishia. Inasafishika.

Hatua ya 4: Silinda inajifunga kwa wakati wake? Ukikoki nyundo, kidole kidogo cha chuma ndani ya fremu kinasukuma meno yaliyo nyuma ya silinda, inazunguka, halafu komeo lililo chini linaruka na kuingia kwenye kipengo chake. Komeo linatakiwa liwe limeingia kabla nyundo haijanasa, au wakati uleule inaponasa. Nyundo ikitangulia, chemba haijalingana na mtutu, na risasi inaingia kwa ubavu na kunyolewa, vipande vikiruka pembeni.

Rivolva yangu ya kwanza niliikoki harakaharaka mbele ya muuzaji, mara sita, tak tak tak, ikajifunga zote. Kwenye uwanja wa shabaha, jamaa aliyesimama kulia kwangu akajifuta shavu na kidole chake kikatoka na damu. Silinda ya kaliba kubwa ni nzito. Ukikoki kwa kasi inajirusha yenyewe ikamalizia safari, hata kama kile kidole cha chuma kimekwisha. Kwa hiyo koki polepole, polepole kuliko unavyodhani, huku kidole cha mkono wa pili kikiigusa silinda kidogo tu ili isiteleze. Tia alama kwa kalamu ujue ni chemba ipi iliyokosea.

Juzi nilifanya hivyo kwa uangalifu wote, na chemba mbili zikakataa. Nyundo ilinasa, komeo bado. Mwenye bastola akaapa haijawahi kumfanyia hivyo. Tukadhani kuna uchafu, na kweli punje za baruti chini ya nyota ya kutolea maganda huweza kuikaza silinda, tukapiga mswaki. Chemba zilezile zikakataa. Rafiki yangu alikwisha simama kuondoka ndipo nikakumbuka risasi bandia, zimo mfukoni mwangu tangu asubuhi. Tukajaza chemba zote 6. Zote zikajifunga.

Maelezo ni haya. Meno yale yamo kwenye nyota, na kwenye matoleo mengi ya karibuni nyota hushikiliwa vizuri na maganda yenyewe. Chemba zikiwa tupu nyota inacheza kidogo, na ule mchezo unakula sehemu ya msukumo. Basi jaribu zikiwa zimejaa risasi bandia. Ikikataa hapo, imechoka kweli.

Usitumie kipimo kimoja kwa kila kiwanda. Smith & Wesson iliyojifunga bado huyumba kidogo kushoto na kulia, na hiyo ni sawa. Colt Python za zamani, ukishikilia triga nyuma, zinatakiwa zikae kama zimechomelewa.

Hatua ya 5: Mwanya. Sukuma silinda nyuma, pima kati yake na mtutu. Isukume mbele, pima tena. Mwanya wa inchi 0.004 hadi 0.008 naupokea. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo silinda inavyocheza mbele na nyuma. Ikizidi inchi 0.003 naomba bei ishuke, ikizidi 0.005 naiacha, maana magnum itaendelea kuipiga kama nyundo.

Hatua ya 6: Nyundo. Ikiwa imekokiwa, mtutu ukielekea pasipo na mtu, isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa triga. Ikianguka, kwaheri.

Ukikuta Ruger ya single action, yaani ya kukokiwa kwa mkono kila risasi, iliyotengenezwa kabla ya 1973 na haijabadilishwa, hubebwa na risasi 5, nyundo ikikaa juu ya chemba tupu, kwa sababu ikianguka chini inaweza kufyatuka yenyewe. Ruger wenyewe huibadilisha bure.

Hatua ya 7: Uwanjani. Omba kupiga angalau risasi 12, miwani machoni, na asisimame mtu ubavuni. Rafiki yangu alinunua ile ya juzi. Baada ya risasi ya tisa silinda ikagoma kufunguka, uso ukambadilika. Ilikuwa ni fimbo ya kutolea maganda imelegea tu. Kwenye Smith & Wesson nyingi, isipokuwa za zamani sana, fimbo hiyo hukazwa kinyume cha saa.